Shangazi, sabuni ya mche na chumba namba tisa: siku zetu za gesti Arusha

JUMATATU, DODOMA

Sherehe si yangu, ila maandalizi yameniangukia mimi. Jumamosi baba mdogo anamuaga binti yake pale Sakina, Arusha, na ukoo mzima umeitwa. Nyumba yake ina vyumba vitatu. Mpaka jana usiku kundi la familia kwenye simu lilikuwa limehesabu wageni ishirini na sita, na magodoro ya sebuleni yameshagawiwa kwa majina. Shangazi aliposomewa kwamba amepangiwa godoro la karibu na mlango, pamoja na watoto wawili, alijibu neno moja tu: "Magoti." Basi mimi na yeye tunatafuta gesti.

Arusha si mji wa kukosa kitanda. Watalii wa Serengeti na Ngorongoro hulala hapo wakienda na wakirudi, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao yake makuu hapo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapo, na mikutano kwenye kituo cha mikutano cha AICC haiishi. Tatizo letu ni hao hao. Vitanda vingi vimepangiwa bei ya mtu mwenye posho ya safari au mwenye dola, na mwezi wa saba ndio msimu wao. Sisi tuna elfu thelathini kwa usiku. Kwa pesa hiyo tunataka chumba cha vitanda viwili, selfu, chenye maji ya moto. Mtu asiseme selfu ni anasa. Mwanamke wa miaka karibu sitini huwezi kumpeleka choo cha mwisho wa korido saa nane usiku kwenye baridi ya Arusha.

Jioni nimekipata kimoja karibu na stendi, 28,000. Picha ilikuwa na dirisha linalotazama bustani, pazia jeupe, na taulo lililokunjwa likawa kama bata. Walitaka kishika uchumba cha 30,000, nikatuma palepale.

"Umewauliza nini?" Shangazi akaniuliza kwenye simu.

"Bei, maji ya moto na intaneti."

Kimya. Halafu: "Hujauliza dirisha linatazama wapi?"

"Bustani, Shangazi. Ipo kwenye picha."

"Haya mwanangu."

Niliijua ile haya. Shangazi amefanya kazi ya uhudumu wa gesti Singida tangu 1994 hadi 2003. Alifagia, akatandika, akafua shuka kwa mikono, na kuna madereva wa malori ya Rwanda ambao hadi leo anawajua kwa harufu ya mito yao. Ningemuuliza kwanza. Lakini pesa ilishakwenda.

JUMATANO, BADO DODOMA

Nimekwenda kumsaidia kufungasha. Nguo za sherehe zilichukua dakika tano, vitu vya gesti saa nzima. Khanga mbili za kutandika juu ya shuka lao, "si kwamba shuka ni chafu, ila silijui." Ndala, kwa sababu za gesti huwa zote za mguu mmoja. Kufuli ndogo. Tochi. Kamba ya kuanikia. Sweta, na nikaambiwa nibebe na langu: Arusha ipo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya Mlima Meru, na Julai yake haina utani. Mwisho akakata kipande cha sabuni ya mche, urefu wa kidole, akakifunga kwenye nailoni.

"Hiyo ya kufulia?"

"Utaiona kazi yake."

ALHAMISI, NJIANI NA ARUSHA

Tumeondoka stendi ya Nanenane saa kumi na mbili alfajiri. Watu wa Dar wakisikia unakwenda Arusha wanafikiria Segera, Same na Moshi. Sisi wa Dodoma tunapanda moja kwa moja kaskazini, Kondoa, Kolo kwenye kibao cha michoro ya miambani, Babati, na lami ni safi mwendo wote. Zamani, kabla ya lami hiyo, safari hii ilikuwa adhabu; Shangazi anakumbuka kulala Kondoa kwa ajili ya tope. Leo saa tano tulikuwa Babati tunakula mahindi ya kuchoma. Baada ya Makuyuni nikaanza kuutafuta mlima. Haukuwepo. Meru ina mita 4,566 na imejificha nyuma ya wingu kama mkwe.

Saa tisa kasoro tukashuka. Kabla mguu haujagusa chini vijana watano wameshashika begi moja. "Mama karibu gesti, ya bei chee!" "Toyo hapa dada!" (Toyo ndiyo bodaboda kwa lugha ya Arusha, na ukiita bodaboda bei inapanda, maana wamejua u mgeni.) Shangazi akalikumbatia begi lake, akasema "Tumeshafika, wanangu, asanteni," na wakatuacha. Nimejaribu maneno hayo hayo baadaye peke yangu, hayakufanya kazi.

Ile gesti niliyoilipia ipo kweli. Bata wa taulo yupo. Bustani haipo.

"Kile chumba cha kwenye picha kimechukuliwa jana," dada wa mapokezi akasema bila kuinua macho. "Hiki ni kama kile."

Mimi nilishaanza kutua begi. Shangazi alikwenda dirishani, akasogeza pazia kwa kidole kimoja, akaniita. Chini yetu kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji, kreti za bia zimepangwa hadi usawa wa kifua, na kitu kirefu kimefunikwa turubai la buluu. Upepo ukainua pembe ya turubai. Spika. Ndefu kuliko mtoto wa darasa la kwanza.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Kesho Ijumaa. Keshokutwa Jumamosi." Akaliachia pazia. "Saa tisa mchana kila gesti ina utulivu, mwanangu."

Kishika uchumba, tukaambiwa, hakirudishwi. Hapo nilitegemea ugomvi. Badala yake Shangazi akavuta kiti, akaketi pale mapokezi, begi mapajani, akasema kwa upole kabisa kwamba akipewa chumba cha kwenye picha atalala, asipopewa atamsubiri mwenye nyumba. Kila mgeni aliyeingia alimsalimia na kumwonyesha picha kwenye simu yangu. Mgeni wa tatu alipogeuka na kuondoka, droo ikafunguka. Tulirudishiwa elfu ishirini. Elfu kumi ikabaki kwao, nami nimeiandika kwenye daftari langu chini ya ada ya shule.

Gesti ya pili ilikuwa upande wa soko la Kilombero, 20,000, imepakwa rangi juzi. Hapa ndipo nilipoiona kazi ya sabuni. Shangazi aliingia akasimama katikati ya chumba bila kugusa kitu, pua juu. Chumba kilinukia maua kupita kiasi. Akainua pembe ya godoro upande wa ukutani, ule ambao mhudumu mwenye haraka haufikii, akalowesha sabuni bombani, akaipitisha taratibu kwenye mshono, kama fundi anayechora nguo kwa chaki. Akaigeuza chini ya taa. Ilikuwa imenasa kijidudu kimoja bapa, rangi ya kunde, kinachezesha miguu. Ukiangalia mshono wenyewe ungeona pia vidoa vyeusi, kama mtu amejaribia kalamu ya wino. Kunguni hawana dini wala nyota. Nimewahi kuumwa kwenye hoteli ya elfu themanini. Lakini ukiwaona umewaona, na wakiingia kwenye begi wanahamia kwako hadi Dodoma. Tukashukuru, tukatoka. Mabegi tulikuwa tumeyaacha koridoni, na sasa nikaelewa kwa nini.

Saa kumi na moja jua likiwa limeshapoa tukapanda kifodi, ndiyo daladala ya Arusha, hadi Sanawari. Baba mdogo alikuwa ametuelekeza huko, kwa hesabu rahisi: ukisimama Sanawari kwenye barabara ya Moshi kwenda Nairobi, gari la Sakina ni moja tu, hakuna kubadilisha. Tukaingia uchochoroni, mbali kidogo na barabara, tukakuta nyumba ya ghorofa moja yenye vyumba kumi na vinne, ua umefagiwa na ndoo zimepinduliwa juani. Ndoo zile zilimfurahisha Shangazi kuliko kibao chao.

Mapokezi walituambia 35,000. Shangazi hakubishana bado. Alikuwa amemwona msichana anayekokota ndoo ya kudekia kwenye ngazi, akamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi. Hebu niambie, wewe ungekuwa unalala hapa leo, ungelala namba ngapi?"

Msichana akatazama nyuma yake kwanza. "Tisa, mama. Kumi na moja ipo ukutani kwa jenereta. Na za mbele kuna magari ya safari, madereva wanawasha saa kumi na moja alfajiri."

Kweli, uani palikuwa na Land Cruiser mbili. Mimi niliziona nikafikiri ni dalili ya usalama.

Namba tisa ikakaguliwa. Sabuni ilitoka safi. Shangazi akafungua bomba la sinki, akavuta choo maji yakiwa bado yanatoka, kuona kama bomba litakata. Halikukata. Akafunga mlango kwa ndani, akaniambia nijaribu kuusukuma kutoka nje. Akabonyeza mto na kuunusa. Kisha akashuka chini, na kwa sababu tunakaa siku tatu na tunalipa zote leo, 35,000 ikawa 30,000, chai ya asubuhi ndani yake. Lalamiko lake lilikuwa moja tu: ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye uzi mtupu. "Ufunguo usio na kibao ni sadaka," akamwambia dada wa mapokezi. Kibao kilivunjika, wakasema, wataweka kingine.

Tukajaza kitabu cha wageni. Jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi, namba ya kitambulisho. Kwenye kazi Shangazi aliandika "mfanyabiashara", akafikiria, akaacha hivyo hivyo.

Usiku. Blanketi lilikuwa moja kwa kila kitanda, jembamba. Nilisema tutaomba jingine tukisikia baridi. "Utamwomba nani saa nane usiku?" Akaenda kuyaomba saa mbili, akarudi na mawili ya manyoya. Saa nane nilikuwa macho, pumzi inaonekana hewani karibu na dirisha, namshukuru kimoyomoyo.

IJUMAA

Saa kumi na moja alfajiri Land Cruiser ziliunguruma. Nilizisikia kwa mbali, kama redio ya jirani, nikalala tena.

Kelele zilizoniamsha zilitoka bafuni kwetu. Shangazi alikuwa ameiachia shawa ya umeme kwa nguvu zote na maji ya Meru yakamwagikia yalivyo. Swichi nyekundu nje ya mlango ilikuwa imewashwa, taa yake inawaka, kila kitu sawa. Nikamwita yule msichana. Akasimama mlangoni akicheka bila sauti: "Mama, fungua kidogo tu. Ukiyaachia yote yanapita hayajapata moto." Ndivyo shawa hizi zilivyo: kidude cha umeme ni kile kile, maji yakipungua yanachemka, yakizidi yanakuwa ya mto. Singida ya 1994 walikuwa wanapeleka maji ya moto kwa ndoo, mlango kwa mlango, kwa hiyo hili Shangazi hakulijua, na amelichukulia vibaya kidogo.

Chai: mkate, yai, na ndizi mbivu. Shangazi alitaka kujaza chupa bombani achemshe. Msichana akatikisa kichwa. Maji ya pande hizi yana madini ya floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, na sehemu nyingi yanapita kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuyaondoi, maji yakipungua kwa mvuke floraidi inabaki pale pale. Kwa mgeni wa siku tatu si kitu, maana meno hupata madoa ya kahawia mtoto akiyanywa wakati meno bado yanaumbika ndani ya ufizi. "Sisi wa huku tunajulikana tukicheka," akasema, akacheka akiziba mdomo. Tukanunua dumu la lita tano dukani.

Mchana tulishuka mjini kutafuta vitenge vya kufanana. Mnara wa Saa ni mdogo kuliko unavyodhania, ila ni mahali pazuri pa kupotezana na kukutana tena. Kutoka Soko Kuu tukatembea hadi makumbusho ya Azimio la Arusha, upande wa Kaloleni, karibu na ule mnara wa Mwenge. Shangazi alizaliwa 1967, mwaka wa Azimio, kwa hiyo alidai picha. Ndani, alipofika kwenye masharti ya uongozi, akayasoma kwa sauti ya kanisani: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

"Kwa hiyo wenye gesti wasingekuwa viongozi," akasema.

Nikamwambia mambo yamebadilika tangu Azimio la Zanzibar la 1991, lililolegeza masharti hayo.

"Hayo najua. Niliajiriwa na diwani."

Jioni tumerudi na kukuta vitanda vimetandikwa. Shangazi akainua pembe ya shuka, akaona mkunjo wa bahasha, akaurudisha taratibu kama mtu anayefunga barua isiyo yake.

JUMAMOSI

Sherehe ilikuwa nzuri, ya kawaida: mshereheshaji alisema "tuko nyuma ya muda" tangu saa moja hadi saa tano. Ndafu ilikatwa, tukalishwa, Shangazi akacheza akiwa amekaa. Ninachotaka kuandika hapa ni geti tu. Asubuhi, kabla hatujatoka, alimuuliza mlinzi geti linafungwa saa ngapi, akaambiwa saa sita, akachukua namba yake ya simu na kumwahidi sahani. Tulirudi saa saba na nusu. Binamu zetu wawili, waliochukua gesti nyingine bila kuuliza swali hilo, walisubiri kwenye ngazi za duka hadi mwenye ufunguo alipoamka. Mlinzi wetu alikuwa amesimama getini. Sahani ilikuwa bado ina moto, imefungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, na Shangazi alikuwa ameweka mbavu.

JUMAPILI, KURUDI

Meru umejitokeza. Siku ya kuondoka, bila shaka. Mweupe kidogo kwenye bega, karibu hivi kwamba Shangazi alisema unaweza kuanika nguo.

Nilipotoka bafuni nikakuta amevua shuka zote, za kwake na zangu, amezikunja na kuziweka mlangoni, mito juu yake, taulo pembeni. Nikamwambia tumelipia kazi hiyo.

"Najua tumelipia."

Msichana alikuja na ndoo yake, akalitazama fungu lile, akamtazama Shangazi. "Mama, wewe umewahi kufanya kazi hii."

"Miaka tisa. Unalala saa ngapi?"

"Saa sita. Naamka kumi na nusu."

Shangazi akampa kipande kilichobaki cha sabuni ya mche na elfu tano iliyokunjwa ndani ya nailoni ile ile, wakaagana kama ndugu. Mimi nilikuwa natafuta chaja.

Basi liliondoka saa tatu. Tulikuwa tumepita Minjingu, pale vumbi la kiwanda cha mbolea linapoanza kuonekana, Shangazi alipofungua pindo la khanga kutoa pesa ya korosho. Akatulia. Akafunga pindo. Akatazama nje kwa muda mrefu.

"Shangazi?"

Akalifungua tena na kunionyesha. Ufunguo, na uzi wake mtupu.

Sikusema lolote, na ninajisifu kwa hilo. Babati, basi liliposimama kwa chakula, tukauzungushia karatasi ya daftari, nikaandika namba ya simu ya gesti na jina la mtaa, tukampa konda wa basi lililokuwa linakwenda Arusha, elfu mbili ya soda. Hakuuliza hata swali, akautia mfukoni pamoja na bahasha nyingine tatu.

Saa mbili usiku, tunaingia Dodoma, simu ikalia. Ujumbe kutoka Sanawari: "Ufunguo umefika. Mwambie mama nimeufunga kwenye mwiko."